Kutoka Malindi hadi Marekani kutazama mbio au mechi: namna ya kupata tiketi ya ndege ya bei nafuu

Kila ikipita marathoni ya New York, simu yangu hujaa ujumbe kwa wiki nzima. Novemba 2025 Benson Kipruto na Alexander Mutiso walipovuka utepe wakaandikiwa muda uleule, 2:08:09, na Hellen Obiri akashinda upande wa wanawake, niliulizwa na watu wa Malindi, kuanzia Shella hadi Muyeye: mwakani na sisi tutafikaje? Nauli ni ngapi? Ninunue lini? Eti ni kweli Jumanne bei hushuka? Maswali ni yaleyale, basi nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa mtu ambaye hajawahi kuvuka Atlantiki na anayehesabu kila shilingi.

Jambo moja ulishike kabla ya yote. Bei unayoiona kwenye simu ni ya Nairobi hadi New York, na wewe hukai Nairobi. Tiketi nafuu ni ile ambayo jumla yake, kuanzia mlango wa nyumba yako hadi pale utakaposimama kushangilia na kurudi, ndiyo ndogo. Wengi walioniambia wamepata tiketi ya rahisi walikuwa hawajahesabu bado.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Pasipoti yenye angalau miezi 6 ya uhai baada ya tarehe ya kurudi.
- Tarehe kamili ya mchezo, uliyoitoa kwa waandaaji wenyewe.
- Viza, au mpango wa viza wenye tarehe. Nitaieleza hatua ya 2.
- Njia ya kulipa. Kadi ya benki iliyofunguliwa kwa malipo ya intaneti, au M-Pesa. Kumbuka M-Pesa haipitishi zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja, kwa hiyo ukilipia watu wawili huenda ukahitaji kuzigawa tiketi.
- Daftari na kalamu. Bei ziandike. Kichwa hakishiki tarakimu kumi na mbili za siku nne tofauti.

Hatua ya 1: Chagua mchezo ambao tarehe yake haiyumbi

Hapa ndipo pesa nyingi huokolewa, na ndipo watu hawapatazami kabisa.

Mechi za mtoano hazikupi muda. Timu yako inafuzu leo, mechi iko baada ya siku nne, na kila shabiki anakimbilia viti vilevile vya ndege. Marathoni haina mambo hayo. Boston hukimbiwa Jumatatu ya tatu ya Aprili, Chicago hukimbiwa Oktoba, na New York ni Jumapili ya kwanza ya Novemba. Unaijua tarehe mwaka mzima kabla. Zaidi ya hayo, Oktoba na mwanzo wa Novemba si msimu wa nauli za juu. Nauli hupanda Juni hadi Agosti, hupanda tena kuelekea sikukuu ya Wamarekani ya Alhamisi ya nne ya Novemba, halafu katikati ya Desemba hadi Mwaka Mpya.

Na kutazama marathoni barabarani ni bure. Hakuna tiketi ya uwanjani. New York mbio zinaanzia Staten Island, zinavuka daraja la Verrazzano, zinapita Brooklyn, Queens, Manhattan na Bronx, zinaishia Central Park. Unasimama kando ya First Avenue na bendera yako na unawaona kwa macho yako wale uliozoea kuwaona kwenye runinga. Siku ile Chicago, tarehe 8 Oktoba 2023, marehemu Kelvin Kiptum alipokimbia 2:00:35, waliokuwa kando ya njia hawakulipa hata senti kuishuhudia rekodi ya dunia. Mimi, mtu akiniuliza aanzie wapi, humwambia aanzie marathoni.

Kama lengo lako ni Olimpiki ya Los Angeles, itakuwa tarehe 14 hadi 30 Julai 2028. Huo ni msimu wa juu, na Los Angeles iko ng'ambo ya pili ya Marekani, kwa hiyo ukishavuka Atlantiki bado una safari ndefu ya kulikata bara zima. Anza kuweka akiba sasa.

Hatua ya 2: Viza kwanza, tiketi baadaye

Viza ya utalii ya Marekani, B1/B2, ada yake ni dola 185 na hairudishwi ukinyimwa. Unajaza fomu ya DS-160 kwenye intaneti, unalipa, unapanga siku ya mahojiano, kisha unakwenda ubalozini Gigiri, Nairobi. Foleni ya mahojiano inaweza kuwa ya miezi, kwa hiyo hatua hii ianze mapema kuliko zote.

Onyo: usinunue tiketi isiyorudishwa ili "kumwonyesha afisa". Ubalozi wenyewe unashauri watu wasikamilishe mipango ya safari kabla ya viza kutoka. Ajenti akikwambia bila tiketi hupati viza, mwache utafute mwingine.

Onyo la pili, kwa wanaotaka Toronto au Vancouver: viza ya Marekani haikuingizi Kanada. Kila nchi na viza yake. Na ukipita Marekani kwenda Kanada, hata kama ni kubadilisha ndege tu, lazima uwe na viza ya Marekani, kwa sababu viwanja vyao havina sehemu ya kupita bila kuingia nchini. Mexico ina nafuu: mwenye viza halali ya Marekani huruhusiwa kuingia kama mtalii.

Hatua ya 3: Piga hesabu kuanzia mlangoni kwako

Kutoka Malindi una njia tatu za kuifikia ndege kubwa.

Ya kwanza ni kuruka kutoka uwanja wa Malindi hadi Nairobi. Ni ya haraka kuliko zote, ila soma vizuri ndege inatua wapi. Nyingine hutua Wilson, na ndege za Marekani na Ulaya zinaondoka Jomo Kenyatta. Ni viwanja viwili mbalimbali, na katikati yake kuna msongamano wa Nairobi. Mimi mwenyewe niliwahi kutua Wilson jioni ya mvua nikidhani nimejipa nafasi kubwa, nikafika dirisha la mizigo likiwa limebakisha dakika chache kufungwa. Nilitetemeka hadi nilipokaa kwenye kiti. Ukinunua safari hii peke yake, chagua ya Jomo Kenyatta, au fika Nairobi mapema sana.

Ya pili ni kushuka Mombasa kwa barabara, kama kilomita 120, uanzie safari uwanja wa Moi. Njia hii watu wa kwetu huisahau. Ethiopian Airlines inaruka kutoka Mombasa hadi Addis Ababa, na kutoka pale inavuka kwenda Washington, Newark, Chicago na Toronto. Kenya Airways nayo inaweza kukuuzia Mombasa hadi New York kwa tiketi moja, ukibadilisha ndege Nairobi. Jipe saa tano njiani kutoka Malindi. Mtwapa peke yake inaweza kula saa nzima, na uwanja wenyewe uko upande wa pili wa kisiwa.

Ya tatu ni basi la usiku hadi Nairobi, au matatu hadi Mombasa kisha treni ya SGR kutoka Miritini. Treni inafika Syokimau, ambako si mbali na uwanja wa ndege. Ni rahisi kwa mfuko lakini inachosha, na ndege ya kuvuka Atlantiki bado inakungoja. Nawashauri vijana tu, na walale Nairobi usiku mmoja kabla ya kuruka.

Wa Lamu, nyinyi ongezeni boti ya kuvuka hadi uwanja wa ndege wa Manda, na mpime mizigo yenu nyumbani. Ndege ndogo za kutoka kwenu zina kipimo kidogo cha mzigo kuliko ndege ya kimataifa, na kilo zinazozidi hulipiwa.

Sasa hesabu yenyewe. Tarakimu hizi ni za kuonyesha namna tu, msizishike kama bei. Tuseme umeona tiketi ya shilingi 118,000 kutoka Nairobi, ndege inaondoka asubuhi. Ongeza ndege ya Malindi hadi Nairobi kwenda na kurudi 16,000, chumba cha usiku mmoja 5,000, teksi mara mbili 5,000. Jumla 144,000. Upande wa pili kuna tiketi ya 135,000 kutoka Mombasa, na usafiri wa barabara kwenda na kurudi 4,000. Jumla 139,000. Ile iliyoonekana ghali ndiyo nafuu, na hukulala ugenini.

Hatua ya 4: Tafuta kwa upana, kisha punguza

Fungua Google Flights au Skyscanner, tovuti za kulinganisha nauli. Mahali pa kuondokea, usiandike Nairobi peke yake. Kwenye Google Flights unaweza kuweka NBO (Nairobi) na MBA (Mombasa) kwa pamoja. Mahali pa kufikia fanya vivyo hivyo. Kwa marathoni ya New York weka JFK, uwanja mkubwa wa New York, na EWR, ambao ni Newark, karibu kabisa na Manhattan ingawa uko New Jersey. Weka pia Washington na Boston, maana kutoka miji hiyo kuna mabasi ya bei nafuu hadi New York, safari ya saa nne au tano.

Kisha fungua kalenda ya bei. Usitafute tarehe moja, tafuta wiki mbili. Kwa shabiki kanuni yangu ni hii: fika angalau siku mbili kabla ya mchezo, ondoka angalau siku moja baada yake. Kila shabiki anataka kuondoka Jumatatu baada ya marathoni. Wewe ondoka Jumatano, halafu linganisha tofauti ya nauli na gharama ya kulala siku mbili zaidi. Ukiwa na ndugu wa kukulaza, siku hizo karibu ni bure.

Jaribu pia kuingia kwa mji mmoja na kutokea mwingine, kwa mfano kuingia Washington na kutokea New York, zote ndani ya tiketi moja. Mara nyingine huwa sawa na kwenda na kurudi kwa mji uleule, na inakuepusha na nauli ya kurudi nyuma.

Ukishapata safari mbili tatu zinazokufaa, washa arifa ya bei, ili ikishuka au kupanda upate ujumbe. Andika daftarini kila siku kwa wiki mbili. Kampuni nyingi hufungua viti takriban miezi 11 kabla ya safari. Kwa uzoefu wangu, mtu wa marathoni aanze kuangalia miezi sita kabla na awe amenunua ikibaki miezi miwili. Wa msimu wa Julai awahi zaidi ya hapo.

Kuhusu Jumanne: hakuna siku ya wiki yenye baraka zake. Ndege moja ina viti vya madaraja mengi ya bei, na viti vya bei ya chini vikiisha mfumo unakuonyesha bei inayofuata. Ndiyo sababu ukitafuta tiketi za watu wanne pamoja bei huweza kupanda kwa wote. Labda vimebaki viti viwili tu vya bei ya chini. Tafuta kwa mtu mmoja kwanza, kisha wawili, uone inaporuka.

Hatua ya 5: Pima njia za kuvuka

Kenya Airways inaruka Nairobi hadi JFK bila kusimama, tangu tarehe 28 Oktoba 2018. Ni kama saa 15 angani. Mara nyingi si ya bei ya chini kabisa, lakini kwa mzee, au mtu wa safari ya kwanza, kutobadilisha ndege kuna thamani yake.

Kupitia Addis Ababa mara nyingi ndiyo inayoshinda kwa bei. Angalia tu kama ndege inasimama njiani, kwa sababu baadhi husimama mji mwingine kabla ya kuvuka. Kupitia Doha au Dubai kwanza unakwenda mashariki halafu unageuka, kwa hiyo masaa yanazidi. Kupitia Ulaya, yaani Amsterdam, Paris, Frankfurt au London, njia ni fupi zaidi lakini kuna suala la viza za kupitia. Kwa pasipoti ya Kenya, Uingereza hudai viza ya kupita hata usipotoka uwanjani, ila mwenye viza halali ya Marekani au Kanada husamehewa. Thibitisha na kampuni ya ndege kabla hujalipa.

Chuja matokeo: ondoa safari zenye vituo viwili, na zile za kusubiri zaidi ya masaa kumi, isipokuwa kama kampuni inakupa hoteli.

Hatua ya 6: Tiketi moja, si vipande

Mtandaoni utakutana na mashabiki wa Ulaya wakisifia ndege za bei ya chini za kuvuka Atlantiki, kama Norse Atlantic inayoruka kutoka Gatwick, London. Utashawishika kununua Nairobi hadi London kivyake, na London hadi New York kivyake. Kwao inafaa. Kwako haifai. Tiketi zikiwa mbili, lazima utoke, uchukue begi lako, ulisajili upya, na hapo lazima upite uhamiaji wa Uingereza: mwenye viza ya Marekani anaweza kuruhusiwa kupita bila viza ya Uingereza, lakini uamuzi ni wa afisa wa mpakani. Huenda pia umetua Heathrow na ndege yako iko Gatwick. Na ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikusubiri wala pesa hairudi.

Tiketi ikiwa moja, ucheleweshaji wa mguu wa kwanza, yaani ndege ya kwanza ya safari, ni mzigo wa kampuni. Itakutafutia ndege nyingine.

Kosa hili sasa ni la kwetu kabisa, nimeliona mara tatu: mtu amenunua tiketi moja inayoanzia Mombasa, halafu siku ikifika akapata lifti ya gari hadi Nairobi, akaona aiache ile ndege fupi apande hukohuko. Usithubutu. Usipotokea mguu wa kwanza, mfumo unafuta safari yote iliyobaki, pamoja na kurudi. Kama ni lazima ubadilishe, pigia kampuni kabla ya ndege ya kwanza kuondoka.

Hatua ya 7: Soma masharti matatu tu

Mizigo: mabegi mangapi na kilo ngapi. Tiketi ya chini kabisa mara nyingine haina begi la kusajili, nawe kuliongeza baadaye ni ghali. Kubadilisha tarehe: inagharimu kiasi gani. Kufuta: unarudishiwa nini. Kampuni nyingi zinazoruka Marekani hukuruhusu kufuta bila faini ndani ya masaa 24 ukinunua kwao moja kwa moja, siku 7 au zaidi kabla ya safari, lakini hakikisha imeandikwa.

Hatua ya 8: Lipa, kisha dai namba ya tiketi

Ukilinganisha bei kwenye injini za kutafuta, nenda ukanunue kwenye tovuti ya kampuni ya ndege yenyewe. Tofauti ya elfu moja au mbili kwa muuzaji usiyemjua haifai maumivu ya kumsaka safari ikiharibika.

Andika majina jinsi yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi. Sisi wa pwani tuna majina yanayoandikwa kwa namna tatu, Mohamed, Mohammed, Muhammad, na herufi moja inaweza kukuzuia dirishani.

Ukinunua kwa ajenti, usiridhike na namba ya uhifadhi ya herufi na tarakimu sita. Hiyo ni nafasi tu, isipolipiwa inaweza kufutwa. Dai namba ya tiketi, tarakimu 13. Ya Kenya Airways huanza na 706, ya Ethiopian 071. Ingia tovuti ya kampuni, weka namba ya uhifadhi na jina lako la mwisho, uone mwenyewe safari imethibitishwa. Usimlipe salio kabla ya kuona.

Hatua ya 9: Isome tarehe kama inavyosoma kampuni ya ndege

Ndege nyingi za kimataifa za Nairobi huondoka usiku. Tiketi ikiandika 00:20 tarehe 14, ni saa sita na dakika ishirini, usiku wa kuamkia tarehe 14. Unatakiwa uwe uwanjani jioni ya tarehe 13. Wazee wetu huihesabu siku tangu magharibi, kwa hiyo ukimwambia bibi "naondoka usiku wa Jumamosi" anaelewa ule unaoikaribisha Jumamosi, na kijana wake anaelewa ule unaofuata. Mkiagana, tajeni tarehe na saa.

Mambo yakienda kombo

*Pesa imetoka M-Pesa, tiketi haikuja.* Usilipe mara ya pili. Hifadhi ujumbe wa muamala, subiri kidogo, kisha pigia kampuni ukiwa na namba ya muamala na ya uhifadhi. Muda wa kulipia ukiisha uhifadhi hufutwa, kwa hiyo usiache hadi kesho.

*Jina limekosewa.* Siku ileile kurekebisha ni rahisi, pengine bure. Ikishindikana na masaa 24 hayajaisha, futa ununue upya.

*Viza imechelewa na bei inapanda.* Nunua tiketi inayobadilishika tarehe au inayorudishwa, hata kama ni ghali kidogo, au ngoja mchezo mwingine. Aliyekosa New York Novemba ana Boston Aprili.

*Kampuni imebadilisha ratiba.* Ukiona barua pepe ya mabadiliko, usiikubali kabla ya kuisoma. Mabadiliko makubwa mara nyingi yanakupa haki ya kuchagua ndege nyingine au kurudishiwa pesa. Omba ndege unayoitaka wewe, kwa namba yake.

*Unaunganisha ndege ndani ya Marekani.* Uwanja wa kwanza wa kuingia ndiko utakapopita uhamiaji, uchukue begi lako na kulikabidhi tena, hata kama limeandikwa mji wa mwisho. Usikubali tiketi yenye chini ya masaa matatu hapo.

*Umefika New York na saa hazilingani.* Usiku wa kuamkia Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambayo ndiyo siku ya marathoni, Wamarekani hurudisha saa nyuma kwa saa moja. Tofauti ya saa kati ya huko na nyumbani inatoka masaa saba kuwa manane. Simu itajirekebisha, saa ya mkononi haitajirekebisha. Waliobaki Malindi waambie mapema, wasije wakawasha runinga saa moja kabla ya mbio wakakusaka bure kati ya watu.